Siku Binti Yetu Alipopanga Foleni ya Majivu



Kila skuli zinapofunguliwa tunaulizwa suali lilelile: "Nyinyi watoto wenu wanasoma kwa masista, hamuogopi?" Tunaogopa. Tukisema hatuogopi tutakuwa tunasema uongo. Lakini mwaka huu tumeona tulijibu kwa urefu, maana kalenda yenyewe imetukumbusha. Jumatano ya Majivu, siku ambayo Wakatoliki wanaanza Kwaresima, ni tarehe 18 Februari 2026, na mwezi wetu wa Ramadhani nao unatazamiwa kuandama siku hizohizo. Mwaka jana pia funga hizi mbili zilikutana, na mwaka jana ndipo tulipokaribia kumtoa mtoto skuli.

Kwanza mtujue. Sisi ni wake wa ndugu wawili, tunaishi nyumba moja hapa Unguja pamoja na mama mkwe wetu, ambaye tunamwita Mama kama wanavyomwita waume zetu. Yupo pia wifi yetu, mtoto wa mwisho wa nyumba, ambaye mwaka jana alikuwa ameshaposwa na harusi yake imepangwa Mfunguo Mosi. Watoto wetu wanalelewa pamoja, kwa hivyo tukisema "binti yetu" msiulize ni wa nani kati yetu. Huyo binti alikuwa na miaka saba, darasa la pili, katika skuli ya msingi ya Kikatoliki iliyo karibu na nyumbani. Tulimpeleka kwa sababu ambazo kina mama wengi wanazijua: wanafundisha, darasa halijajaa kupita kiasi, na mtoto asipofika wanapiga simu kuuliza. Wengi wa wanafunzi wenzake ni Waislamu. Jioni huenda chuoni kwa ustadhi wake kama watoto wengine wa mtaa.

Tulianza kufunga mwanzoni mwa Machi. Jumatano ya tarehe 5, tukiwa ndani ya mwezi kwa siku chache tu, binti yetu alirudi na macho mekundu. Hakutaka kuvua viatu, hakutaka kusema. Tukadhani kapigwa. Baada ya kubembelezwa sana akasema, "Ticha kanitoa kwenye foleni. Wenzangu wamepakwa, mimi nimetolewa."

"Umetolewa kwenye foleni ya kupakwa nini?"

"Majivu. Hapa." Akajigusa kipaji cha uso.

Mama alikuwa jikoni anakuna nazi. Sauti ya mbuzi ikakatika. Akatoka na mikono yake myeupe, akamtazama mtoto, akatutazama sisi, akasema, "Nilisema tokea mwanzo." Hakuongeza neno, na kwa anayemjua Mama, hayo yalikuwa mengi.

Usiku, baada ya tarawehe, tukakaa kikao. Tulitegemea Mama angewasema vibaya Wakristo, hakuwasema. Alituambia amekua nao. Mapadri na masista wa Kikatoliki wako Unguja tangu 1860, enzi za Sayyid Majid, na kanisa lao la Minara Miwili pale Mji Mkongwe amelikuta limesimama kabla hata baba yake hajazaliwa. Hofu yake ilikuwa nyingine. "Mtoto huyu hakulia kwa kuwa alitaka kupakwa akalazimishwa kurudi kwetu," alisema. "Amelia kwa kuwa wenzake walipata kitu, yeye hakupata. Hajui kwa nini hakupata. Hilo ndilo linalonitisha. Nyinyi mlimwambia?"

Hatukumwambia. Tulimnunulia sare, tukamnunulia begi, tukamwonyesha choo kilipo na njia ya kurudia nyumbani. Kwamba darasani atakaa na watoto wenye ibada yao, na kwamba ibada hiyo si yake ingawa wenyewe ni rafiki zake, hilo tulidhani atalijua tu.

Wifi yetu, ambaye naye alisoma skuli hiyohiyo, alijitetea na kuitetea. "Mimi nimesoma pale miaka yote ya msingi. Mnaniona nimekuwaje?" Mama akamjibu kwamba wakati wake kila Ijumaa alikuwa na nyanya yake wa kumkalisha kitako. Mwishowe tukakubaliana asubuhi twende skuli, na tukirudi ndipo tuamue kama mtoto ataendelea.

Tulikwenda sote watatu, na maneno tumeyapanga tokea daku. Mwalimu wa darasa ni msichana mdogo, kwao Mbinga, mkoani Ruvuma. Alitusikiliza mpaka tukamaliza. Akasema kwamba siku ya Majivu padri huja skuli, na watoto Waislamu hubaki darasani na mwalimu mwingine. Siku ile mwalimu huyo alikuwa mgonjwa, watoto wakachanganyika, na yeye alipoinua macho akamwona binti yetu wa nne kutoka kwa padri. "Nilimtoa kwa sababu sina haki ya kumwacha mtoto wa mtu apakwe alama ya imani ambayo mzazi wake hakumleta kuipokea," alisema. "Lakini nilimtoa kwa haraka, mbele ya wenzake, na sikumweleza. Hilo ni kosa langu, mama zangu. Naomba mnisamehe."

Yale maneno tuliyoyapanga hayakuwa na kazi tena.

Basi tukamuuliza, maana kwa miaka miwili ya kupeleka mtoto pale hatukuwahi kuuliza: Kwaresima ni nini hasa? Akatueleza. Majivu yale hutokana na matawi ya Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ambayo huchomwa. Padri humpaka mtu alama ya msalaba kwenye paji la uso huku akimkumbusha kwamba yeye ni mavumbi na huko atarudi. Tulipolisikia hilo tulitazamana, kwa sababu nasi tunapowazika watu wetu tunakumbushana kuwa tumeumbwa kwa udongo na tunarudishwa humo. Maana hiyo si ngeni kwetu. Lakini alama yenyewe ni ya msalaba, na msalaba kwao una itikadi yake ambayo sisi hatunayo. Hapo ndipo mpaka ulipo, na mwalimu aliujua kuliko sisi.

Kwaresima ni siku 40 za kujiandaa na Pasaka. Ukihesabu tokea Majivu mpaka Jumamosi ya kabla ya Pasaka utapata siku 46, lakini Jumapili sita hazihesabiwi kuwa za mfungo. Nguzo zake ni tatu: sala, kufunga na sadaka. Kufunga kwao si kama kwetu. Watu wazima, kuanzia miaka 18 mpaka 59, hulazimika kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, kwa kula mlo mmoja kamili na vidogo viwili visivyofikia mlo mwengine. Kila Ijumaa ya Kwaresima hawali nyama, na hilo linamhusu kila aliyefika miaka 14. Watoto wadogo hawalazimiki, wanafundishwa kujinyima kidogo kidogo. Wetu wa miaka saba naye Ramadhani haijawa wajibu kwake. Alikuwa anafunga mpaka adhuhuri, akila wali wake kwa kujificha nyuma ya mlango ili mdogo wake asimcheke.

Tulirudi nyumbani tukamsimulia Mama yote. Akasikiliza, akasema, "Mwalimu kafanya kazi yake. Sasa na nyinyi mfanye yenu." Mtoto akabaki skuli, lakini kwa sharti: kila usiku baada ya isha Mama mwenyewe angemkalisha.

Ndivyo ilivyokuwa mwezi mzima. Mtoto alikuwa ameshahifadhi Suratul Kafirun, anaisoma mbio kama anayekimbia mvua, lakini hakuna aliyewahi kumwambia inasema nini. Mama akamwambia. Akamweleza kwamba kila watu wana dini yao, nasi tuna yetu, na kwamba kusema hivyo si kutukana mtu. Siku nyingine akamsimulia kisa cha Bi Maryam katika sura yenye jina lake, alivyoweka nadhiri ya kufunga kwa kunyamaza, asizungumze na mtu siku ile. Mtoto akauliza kama Bi Maryam wa kwao na wa kwetu ni mmoja. Mama akafikiri kidogo. "Ni mmoja," akasema. "Tunayoyasema juu ya mwanawe ndiyo hayafanani." Sisi tulikuwa tunaosha vyombo vya futari, tukaacha kuosha ili tusikie. Akamwonyesha pia kwamba aya ya 183 ya Suratul Baqara, inayotuamrisha funga, inasema wazi kuwa waliotutangulia nao walifaradhishiwa. Watu kufunga si jambo la kumshangaza Muislamu.

Kisha likaja la kisanduku.

Skulini kwao Kwaresima inaonekana hata kwa mpita njia. Kitambaa cha zambarau mezani pa sala, nyimbo za taratibu, Aleluya haiimbwi mpaka Pasaka. Ijumaa, wetu wanapotoka mapema, wenzao hubaki kwa Njia ya Msalaba, vituo 14. Na kila mtoto wa Kikatoliki alipewa kisanduku cha karatasi ngumu chenye tundu juu. Pesa ambayo angenunulia ubuyu au barafu anaitia humo, na mwisho wa mfungo inakwenda kwa maskini.

Binti yetu alikitaka kisanduku. Tukamwambia kile ni cha ibada ya wenzake, lakini sadaka si mali ya dini moja, tutatengeneza chetu. Tukakata tundu kwenye boksi la majani ya chai. Akalitia sarafu yake ya kwanza, akaja jikoni nalo mkononi. Ilikuwa saa kumi za jioni. Mezani kulikuwa na mihogo ya nazi, ndizi mbichi, tambi, mkate wa kumimina, kachori, samaki wa kupaka, uji, na Mama anaandika orodha ya kesho.

"Wao wakifunga wanaweka pesa," alisema. "Sisi tukifunga mbona tunanunua?"

Tulicheka. Halafu mmoja wetu akaacha kucheka, na mwengine naye akaacha. Usiku tukafungua daftari la matumizi. Kumi la kwanza la Ramadhani lilikuwa limekula karibu pesa ya mwezi mzima wa kawaida, na kila asubuhi tulikuwa tunamwaga. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna mjane anayefuturu kwa muhogo wa chumvi na chai ya rangi. Tunajua, kwa sababu tukipita mlangoni kwake tunaona. Tulikuwa tunampelekea sahani siku tunayokumbuka.

Kuanzia kumi la pili tukapunguza. Uji, kitu kimoja cha nazi, samaki au maharage, basi. Kilichobaki kiliingia kwenye boksi la chai, mbali na zakatul-fitri ambayo ni wajibu na haina badala. Waume zetu walinung'unika siku mbili. Mjane alipata futari kila siku mpaka mwezi ukaandama.

Kina dada mnaojiandaa na harusi, hili linalofuata ni lenu.

Wifi yetu alikuwa na orodha yake pia. Usiku wa hina, usiku wa ukumbi, kisha walima wenyewe, na kati yake usiku mwengine wa ukumbi wa pili kwa sababu binti wa jirani alifanya hivyo. Usiku huo wa pili kaka zake, yaani waume zetu, walikuwa wakaukopee. Siku tuliyofungua daftari la futari alikuwa amekaa nasi. Hakusema kitu. Kesho yake akaja na orodha yake, usiku wa ukumbi wa pili ameukata kwa kalamu nyekundu. Mama aligoma. "Watu watasema tumemuoza mtoto kama yatima." Kwa siku tatu alikuwa akimjibu wifi yetu kwa kifupi. Wifi yetu naye hakurudi nyuma, na kaka zake hawakukopa.

Hapo ndipo alipozidi kuwa karibu na yule mwalimu. Kila anapokwenda kumchukua mtoto wanasimama langoni wanazungumza, kwa sababu mwalimu naye alikuwa na pete. Kwa desturi Wakatoliki hawafungi harusi ndani ya Kwaresima, kwa hivyo naye alikuwa anasubiri: Pasaka ya mwaka jana ilikuwa tarehe 20 Aprili, na baada yake angerudi Mbinga kuolewa. Mmoja anahesabu siku za Idd, mwengine anahesabu za Pasaka. Mwalimu aliuliza juu ya singo na hina, wifi yetu aliuliza vipi mtu anaolewa mbali na mama yake. Binti yetu ndiye aliyetuletea habari nyengine: kwamba mwezi mzima mwalimu alikuwa anakula chakula chake cha mchana chumba cha kuwekea vitabu, mlango umefungwa, ili watoto wanaojifunza kufunga wasimuone. Yeye mwenyewe hakutuambia hata siku moja.

Idd ilikuja, na harusi ikapangwa Ijumaa ya tarehe 11 Aprili. Nikaha baada ya sala ya Ijumaa, kisha walima nyumbani, pilau la nyama ya ng'ombe. Mwalimu alialikwa. Siku moja kabla, tukiwa tunachagua mchele, Mama akauliza bila kuinua kichwa, "Yule mwalimu anakuja kesho?"

"Anakuja, Mama."

"Kesho Ijumaa. Na Pasaka yao bado. Atakula nini?"

Sisi tulikuwa tumesahau kabisa. Mama alikuwa amelishika tokea siku ile tulipomsimulia. Asubuhi aliagiza changu kutoka Malindi, akamkaanga mwenyewe, akapika wali wa nazi kwenye sufuria ndogo mbali na pilau. Wageni walipokaa, katika vishindo vyote vya vigelegele na udi, tulimwona anapita na sahani iliyofunikwa kawa mpaka alipokaa mwalimu. "Mwanangu, hii yako. Haina nyama." Mwalimu akaifunua kawa, akaitazama ile sahani, akashindwa kusema. Kisha akasema tu, "Shikamoo, Mama," ingawa alikuwa ameshamwamkia alipoingia. "Marahaba," Mama akamjibu, na akaenda zake kuwahimiza wapishi.

Msidhani Mama amebadilika. Mpaka leo akipita mbele ya skuli ile husoma dua yake, na akiulizwa atakwambia angependa mtoto ahamie kwengine. Jirani yetu mmoja alimtoa wake mwaka huohuo, na hatumlaumu. Kila mzazi ataulizwa kwa alichokichunga. Lakini kwa mliotuuliza, haya ndiyo tunayoyafanya sisi.

Kabla ya skuli kufunguliwa, nenda uulize kalenda ya ibada zao: Majivu lini, Ijumaa wanafanya nini, watoto wetu wanakuwa wapi na mwalimu gani. Mweleze mwalimu kwa upole na kwa maandishi kwamba mtoto wako hashiriki ibada. Hawachukii. Mwalimu wetu alisema barua ya mzazi inamrahisishia kazi.

Mtoto mwambie mwenyewe, tena mapema. Asijue mpaka kwa kutolewa kwenye foleni mbele ya wenzake. Aujue kwenye mkeka wa nyumbani, akiwa ameshiba na amekaa karibu nawe. Mfundishe maana ya anachokihifadhi. Na umfundishe asimcheke rafiki yake mwenye majivu usoni, kama asivyopenda yeye kuchekwa kwa mtandio wake.

Na wewe mwenyewe uijue funga yako. Sisi tulikwenda skuli tukiwa na hasira ya kulinda Ramadhani, na nyumbani Ramadhani yetu ilikuwa imekaa jikoni.

Mwaka huu binti yetu yuko darasa la tatu, na amesema atafunga siku nzima, angalau Ijumaa. Boksi la chai lipo juu ya kabati, ameliandika jina lake kwa kalamu ya zambarau. Wifi yetu yuko kwake, anatarajia, muombeeni. Mwalimu ameolewa na amerudi kufundisha. Alipokwenda Mbinga tulimpa doti ya kanga, naye alimletea Mama mahindi na maharage ya kwao, mfuko mzima. Wiki iliyopita binti yetu alirudi na barua ya skuli kuhusu tarehe 18. Kabla hatujaifungua, alishatuambia: "Siku hiyo sisi tunabaki darasani na mwalimu mwengine. Na akiumwa, mimi nitawaambia wenzangu tukae."

Mwenyezi Mungu atufikishe Ramadhani tukiwa na afya, azipokee funga zetu, awahifadhi watoto wetu, na awatilie baraka mabibi harusi wote wa Mfunguo Mosi. Amin.